Hitilafu za diski za nje za USB katika Linux

Hitilafu za diski za nje za USB katika Linux ni matatizo yanayoizuia kompyuta yenye mfumo wa uendeshaji wa Linux kuitambua, kuisoma au kuiandikia diski iliyounganishwa kwa kebo ya USB, au flashi iliyochomekwa moja kwa moja. Chanzo kinaweza kuwa umeme na kebo, chipu iliyomo ndani ya kasha la diski, kiini cha Linux, jedwali la sehemu za diski, mfumo wa mafaili, au ruhusa za mtumiaji. Kwa mtu aliyeketi mbele ya kompyuta yote hayo huonekana kwa sura moja tu: diski haifunguki.

Kwa sababu hiyo chanzo hutafutwa kwa mpangilio, kuanzia kwenye waya na kupanda hadi kwenye mafaili. Anayeruka hatua hujiweka hatarini. Amri ya kurekebisha mfumo wa mafaili inaweza kuimalizia diski ambayo sumaku yake imeanza kuchakaa, na mtu anayefomati diski ambayo shida yake ilikuwa kebo amefuta kazi zake bila sababu yoyote.

## Safari ya diski kutoka tunduni hadi kwenye skrini

Kiwango cha USB kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1996. Toleo la 2.0 la mwaka 2000 lilifikisha kasi ya megabiti 480 kwa sekunde, na toleo la 3.0 la mwaka 2008 likafikisha gigabiti 5. Vifaa vya matoleo tofauti huelewana, ila kwa kasi ya kile kilicho nyuma.

Diski inapochomekwa, kiini cha Linux huanza kwa kuiuliza ni kitu gani. Diski hujibu kwa kutaja namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, kila moja ikiwa na tarakimu nne za mfumo wa kumi na sita, pamoja na maelezo ya namna inavyopenda kuongea. Kwa jibu hilo kiini huchagua kiendeshi: ama `usb-storage`, ambacho ni cha zamani, ama `uas`, ambacho ni kipya na cha kasi zaidi. Diski hupewa jina kama `/dev/sdb`, jedwali la sehemu zake husomwa, na kila sehemu hupewa namba: `/dev/sdb1`, `/dev/sdb2` na kuendelea. Mwisho sehemu hiyo *hupachikwa*, yaani huunganishwa na kabrasha fulani ili yaliyomo yaonekane. Katika Ubuntu kabrasha hilo huwa chini ya `/media`, na katika Fedora chini ya `/run/media`.

Herufi ya mwisho ya jina hutolewa kwa kufuata nani amefika kwanza. Kwenye kompyuta nyingi za zamani diski ya ndani huitwa `/dev/sda` na ya nje `/dev/sdb`. Lakini ikiwa diski ya ndani ni ya aina ya NVMe, yenyewe huitwa `/dev/nvme0n1`, na ile ya nje ndiyo inayokuwa `/dev/sda`. Diski ileile ikichomolewa kwa ghafla na kurudishwa inaweza kurudi kama `/dev/sdc`. Hivyo amri iliyonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine, ikiwa na jina la diski ndani yake, haifai kuendeshwa kabla jina hilo halijalinganishwa na kompyuta iliyopo mezani. Amri ya `dd` haiulizi mara mbili: herufi moja ikikosewa, inaandika juu ya diski nyingine bila kusita.

## Maswali matatu ya kwanza

Swali la kwanza ni kama kompyuta inakisikia kifaa chochote. Amri ya `lsusb` huorodhesha vifaa vyote vya USB, na njia rahisi ni kuiendesha kabla ya kuchomeka diski na baada yake, kisha kutazama mstari ulioongezeka. La pili ni kama kifaa hicho kimetambuliwa kuwa diski. Hapo hutumika `lsblk -f`, inayoonyesha diski zote, sehemu zake, aina ya mfumo wa mafaili na mahali zilipopachikwa. La tatu ni kiini chenyewe kimesema nini, na hilo ndilo lenye majibu mengi kuliko mengine.

Kiini huandika kumbukumbu ya kila kinachotokea, na kumbukumbu hiyo husomwa kwa amri ifuatayo, iliyofunguliwa kwenye terminali kabla ya kuchomeka diski:

`sudo dmesg -w`

Diski nzima ikipokelewa vizuri huleta mistari ya namna hii:

`usb 2-1: new SuperSpeed USB device number 4 using xhci_hcd`
`scsi host6: uas`
`sd 6:0:0:0: [sdb] 1953525168 512-byte logical blocks: (1.00 TB/932 GiB)`
`sdb: sdb1`
`sd 6:0:0:0: [sdb] Attached SCSI disk`

Kila mstari ni hatua moja ya safari iliyoelezwa juu, na mahali orodha inapokatika ndipo pa kuanzia. Mstari wa kwanza usipotokea kabisa, tatizo liko kwenye umeme, kebo au tundu. Mstari wa kwanza ukitokea lakini wa `scsi` ukakosekana, tatizo liko kwenye kiendeshi au chipu ya kasha. Ukubwa ukiandikwa sifuri, chipu ya kasha inafanya kazi lakini haipati jibu kutoka kwa diski iliyo ndani yake. Na iwapo `sdb` inatokea bila `sdb1`, jedwali la sehemu ama halipo ama limeharibika, ingawa zipo pia flashi zilizofomatiwa nzima bila kugawanywa, na hizo hazina kosa.

Mfano huo unajibu pia lalamiko moja lisilo hitilafu hata kidogo. Diski inayouzwa kama terabaiti 1 huonekana kuwa na 931 au 932 tu kwa sababu muuzaji huhesabu kwa makumi (baiti 1,000,000,000,000), ilhali programu nyingi huhesabu kwa vizidishi vya 1,024. Hakuna kilichoibwa.

## Umeme na kebo

Hapa ndipo pa kuanzia kila mara, tena kabla ya kugusa amri yoyote ya kurekebisha. Kiwango cha USB 2.0 kinaruhusu kifaa kuchukua hadi miliampea 500 kwa volti 5, USB 3.0 inaruhusu 900. Diski ya sahani ya inchi 2.5, ile ndogo isiyo na adapta yake, inapoanza kuzungusha sahani inaweza kuhitaji karibu ampea 1 kwa sekunde chache. Diski kubwa ya inchi 3.5 inahitaji volti 12, ambazo tundu la kawaida la USB halitoi, na ndiyo sababu huja na adapta ya ukutani.

Umeme ukipungua, taa ya diski huwaka, sahani hujaribu kuzunguka, kisha diski huzima na kuanza upya, mara nyingi kwa mlio wa tik-tik unaorudiarudia. Kwenye `dmesg` huonekana kifaa kikija na kuondoka, kila mara kikipewa namba mpya. Mara nyingine hutokea mstari kama huu:

`device descriptor read/64, error -71`

Namba -71 humaanisha kuwa mazungumzo kwenye waya yamevurugika. -110 humaanisha kuwa kifaa hakikujibu kwa wakati. Yote mawili huelekeza kidole kwenye kebo, tundu au umeme kabla ya kitu kingine chochote. Kiini kikichoka kujaribu huandika `unable to enumerate USB device` na kuliacha jambo hilo.

Majaribio yake ni rahisi: kebo nyingine, tena fupi, tundu jingine, na kuiondoa habu, kile kifaa cha kuongezea matundu, iwapo haina adapta yake. Kwenye kompyuta ya mezani matundu ya nyuma ni bora, kwa kuwa yamechomelewa kwenye ubao mkuu, wakati yale ya mbele hupitia waya mwingine ndani ya sanduku. Kwenye Raspberry Pi 4 matundu yote manne yanagawana ampea 1.2, hivyo diski mbili za sahani zikiwekwa pamoja huvutana, na habu yenye umeme wake ni ya lazima.

Kebo zina ulaghai wa aina mbili. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchaji simu tu, zisizo na nyaya za data: taa ya diski itawaka na `dmesg` itabaki kimya. Nyingine ni kebo nyembamba ya USB 2.0, ambayo huingia vizuri kwenye nusu ya tundu pana la diski za USB 3.0. Diski itafanya kazi, lakini kwa kasi ya zamani, na kiini kitaandika `high-speed` badala ya `SuperSpeed`. Anayenakili gigabaiti 200 na kuona saa zinapita anapaswa kuutazama mstari huo kabla ya kuilaumu diski.

Mlio wa tik-tik ukiendelea hata diski ikiwa na umeme wa kutosha, huenda kichwa cha kusomea kimeharibika. Diski hiyo izimwe mara moja. Kila dakika inayoendelea kuzunguka kichwa kinaweza kuzikwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakirudishwi na programu yoyote.

## Chipu ya kasha

Ndani ya kasha la diski ya nje kuna chipu ndogo inayotafsiri lugha ya USB kuwa lugha ya SATA. Nyingi hufanya kazi yake bila kujulikana zipo. Baadhi hudai kuwa zinakubali UAS, kisha hukwama zinapopewa kazi nyingi kwa mpigo: kunakili huanza vizuri, husimama ghafla, na `dmesg` hujaa mistari yenye `uas_eh_abort_handler` na `reset SuperSpeed USB device`. Diski ndogo za flashi hazina shida hiyo mara nyingi, kwa kuwa zimezoea kiendeshi cha zamani.

Dawa yake ni kukiagiza kiini kitumie `usb-storage` kwa kifaa hicho kimoja. Namba mbili za kifaa huchukuliwa kutoka kwenye `lsusb`, kisha katika kabrasha la `/etc/modprobe.d` huwekwa faili lenye mstari huu, namba halisi zikichukua nafasi ya herufi:

`options usb-storage quirks=AAAA:BBBB:u`

Baada ya hapo picha ya kuwashia mfumo hutengenezwa upya (kwa Debian na Ubuntu ni `sudo update-initramfs -u`) na kompyuta huwashwa upya. Kasi hupungua kiasi, lakini diski inayokwenda polepole hadi mwisho ni bora kuliko iendayo mbio na kuanguka njiani.

Mtu akiitoa diski ndani ya kasha lililoharibika na kuiunganisha moja kwa moja kwenye ubao mkuu, anaweza kukuta haisomeki. Sababu si lazima iwe diski kufa. Baadhi ya makasha huionyesha diski kwa sekta za baiti 4,096 badala ya 512, hivyo jedwali la sehemu huwa na maana tu likipitia chipu ileile. Mengine husimba data yote kwa ufunguo uliomo ndani ya chipu. Kwa hiyo kasha bovu lisitupwe kabla data haijapatikana.

Kwa watumiaji wa Arch na ndugu zake kuna mtego wa kipekee. Kiini kikisasishwa bila kompyuta kuwashwa upya, viendeshi vya kiini cha zamani, ambacho bado ndicho kinachoendesha kompyuta, huwa vimefutwa, na `usb-storage` haipatikani. Kila flashi itaonekana kuwa mbovu hadi kompyuta iwashwe upya.

## Diski inaonekana lakini haipachikwi

Ujumbe unaoogopesha wengi ni `wrong fs type, bad option, bad superblock`. Maneno hayo yanajumlisha mambo mengi kwa pamoja, na lililo la kawaida zaidi halina uharibifu wowote: Linux iliyopo haifahamu mfumo wa mafaili uliotumika. Amri ya `sudo blkid` au `lsblk -f` hutaja ni upi.

Mfumo wa exFAT, uliotolewa na Microsoft mwaka 2006, ulikuwa chanzo kikubwa cha lalamiko hili kwa miaka mingi kwa sababu za hataza. Mwaka 2019 Microsoft ilichapisha maelezo yake, na tangu toleo la 5.7 la kiini, la mwaka 2020, kiendeshi kamili kimo ndani ya Linux. Kompyuta yenye mfumo wa zamani zaidi huhitaji kifurushi cha `exfat-fuse`.

NTFS ni kisa kingine. Tangu Windows 8 kompyuta ya Windows inapozimwa kwa kawaida haizimi kabisa: huhifadhi hali yake ili iwake haraka, na mfumo wa mafaili unaweza kubaki na alama ya kwamba kazi haijaisha. Linux ikiiona alama hiyo hukataa kupachika, au hupachika kwa kusoma tu, na inafanya vyema. Njia salama ni kuirudisha diski kwenye Windows, kuikagua huko kwa `chkdsk`, kisha kuitoa kwa utaratibu. Programu ya `ntfsfix` iliyopo katika Linux huondoa alama na kurekebisha machache tu. Wanaoichukulia kuwa sawa na `chkdsk` huweka plasta juu ya mfupa uliovunjika.

Iwapo aina inayotajwa ni `crypto_LUKS` au `BitLocker`, diski imefungwa kwa nenosiri na haina ubovu. LUKS hufunguliwa kwa `cryptsetup open`, na tangu toleo la 2.3.0 la mwaka 2020 programu hiyo hufungua BitLocker pia.

Upande wa pili wa jambo hili umepoteza data nyingi. Diski yenye ext4, mfumo wa kawaida wa Linux, ikichomekwa kwenye Windows haisomeki, na Windows humpendekezea mtumiaji aifomati. Diski ni nzima. Anayekubali ndiye anayeiharibu.

Kuna pia flashi zinazopita katika kompyuta nyingi za watu, kama zile za maduka ya kuchapisha, na kurudi na virusi vya Windows vinavyoficha makabrasha na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Linux haijali alama ya kuficha inayotumika katika FAT, kwa hiyo makabrasha halisi huonekana yakiwa kando ya faili zinazoishia na `.lnk`, wakati mwingine yamehamishiwa ndani ya kabrasha lenye jina tupu. Kazi inabaki kuwa kunakili yaliyo halisi na kuifomati flashi.

## Inasomeka, haiandikiki

Katika diski yenye ext4 mafaili yana mwenyewe, na mwenyewe huyo hutambuliwa kwa namba. Diski iliyofomatiwa kwa amri ya msimamizi huwa mali ya msimamizi, na mtumiaji wa kawaida hukataliwa kwa `Permission denied`. Amri ya `sudo chown` kwenye kabrasha la juu humaliza suala hilo. FAT na exFAT hazina wenyewe, hivyo `chown` haifanyi kitu huko.

Ujumbe wa `Read-only file system` ni mzito zaidi. Unaweza kutokana na kitufe kidogo cha kufungia pembeni mwa adapta ya kadi ya SD, na hicho hutazamwa kwanza. Lakini ikiwa diski ilikuwa inaandikika na ikageuka ghafla, kiini kimekuta kosa na kimeamua kuzuia madhara zaidi. Kulazimisha kuandika kwa kupachika upya ni kuuzima mlio wa kengele huku moto ukiwaka. Flashi zilizochakaa nazo huwa na tabia ya kujifunga moja kwa moja. Zinachotoa wakati huo ni nafasi ya mwisho ya kunakili.

Faili moja linalozidi gigabaiti 4 haliingii katika FAT32 hata diski ikiwa tupu. Ujumbe wake ni `File too large`.

## Kuchomoa

Linux haiandiki kwenye diski papo hapo. Data huwekwa kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta na kupelekwa diskini baadaye, kwa hiyo mstari wa maendeleo unaweza kufika asilimia 100 huku mamia ya megabaiti bado hayajaondoka. Mtu akichomoa hapo, au umeme ukikatika, faili linaonekana kwa jina na ndani yake hamna kitu. Amri ya `sync` husubiri hadi kila kitu kiandikwe. Anayetaka kuona kiasi kilichobaki hutumia `grep Dirty /proc/meminfo`.

Ikiwa kupachua kunakataliwa kwa `target is busy`, kuna programu iliyoshikilia faili. Mara nyingi ni terminali yenyewe iliyoachwa ndani ya kabrasha la diski. Amri ya `fuser -vm` ikifuatiwa na mahali ilipopachikwa humtaja mhusika. Chaguo la `umount -l` huondoa jina la diski machoni lakini linaweza kuacha uandishi ukiendelea chini kwa chini, na anayechomoa akidhani kazi imekwisha hujidanganya. Kwa diski ya sahani ni vizuri kumalizia kwa `udisksctl power-off -b /dev/sdb`, ili sahani zisimame kabla ya kebo kutolewa.

## Flashi zenye ukubwa wa uongo

Sokoni zipo flashi na kadi zilizopangwa kusema zina terabaiti 1 au 2 huku chipu ya ndani ikiwa na gigabaiti chache. Hufomatika vizuri, na mafaili ya kwanza hufunguka. Nafasi halisi ikijaa, data inayofuata hupotea au huandikwa juu ya ile ya mwanzo, na mwenye flashi hugundua miezi baadaye. Hakuna ujumbe wa hitilafu unaotokea. Kifurushi cha `f3` hupima ukweli: `f3write` hujaza flashi yote kwa mafaili ya majaribio na `f3read` huyasoma tena na kutaja kiasi kilichosalia. Flashi mpya ya bei ya kutilia shaka ipimwe hivyo kabla ya kukabidhiwa picha za harusi.

## Diski ya kudumu katika fstab

Anayetaka diski ipachikwe kila kompyuta inapowaka huiandika katika `/etc/fstab`. Ikiandikwa kwa jina la `/dev/sdb1` itakosewa siku majina yatakapobadilika. Inafaa itajwe kwa UUID inayotolewa na `blkid`. Chaguo la `nofail` lisisahauliwe. Bila hilo, kompyuta inayowashwa diski ikiwa haipo husubiri sekunde 90, kisha huingia katika hali ya dharura na kumwacha mtumiaji mbele ya skrini nyeusi.

## Diski inayoelekea kufa

Mistari yenye `Medium Error`, `Unrecovered read error` au `Buffer I/O error` kwa sekta zilezile kila mara humaanisha kuwa diski yenyewe haiwezi kusoma mahali hapo. (Makosa hayohayo yakihamahama, kebo inarudi kuwa mshukiwa.) Hali ya diski huulizwa kwa `sudo smartctl -d sat -a /dev/sdb`. Katika jibu refu linalotolewa, mistari mitatu ndiyo ya kutazama: `Reallocated_Sector_Ct`, idadi ya sekta zilizokwisha kubadilishwa, `Current_Pending_Sector`, zinazosubiri uamuzi, na `UDMA_CRC_Error_Count`, makosa ya mawasiliano kati ya diski na chipu ya kasha. Mbili za kwanza zikiwa zinapanda kutoka wiki hadi wiki, diski inaondoka. Neno `PASSED` lililoandikwa juu ya jibu hilo lisimtulize mtu, kwani diski nyingi hufa zikiwa bado zimefaulu.

Makosa makubwa hufanyika hapa. Mtu huona mfumo wa mafaili umevurugika, anaendesha `fsck` na kujibu ndiyo kwa kila swali. `fsck` kazi yake ni kuufanya mfumo wa mafaili ulingane na wenyewe. Ikishindwa kusoma orodha ya kabrasha kwa sababu ya sekta mbovu, inaweza kuikata orodha hiyo na kuyaacha mafaili bila majina. Tena huandika, na kuandika kwenye diski inayokufa ni kuiharakisha. Kukagua bila kugusa kunawezekana, kwa `e2fsck -n` katika ext4 na `fsck.fat -n` katika FAT, daima diski ikiwa imepachuliwa.

Utaratibu unaokubalika ni kutengeneza kwanza nakala ya diski nzima kwa `ddrescue`, programu ya mradi wa GNU, huku diski ikiwa haijapachikwa. Nakala huwekwa kwenye diski nyingine yenye nafasi zaidi, isiyo ya FAT32:

`sudo ddrescue -n /dev/sdb nakala.img ramani.map`

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img ramani.map`

Amri ya kwanza huchukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka palipo pagumu. Ya pili hurudi kwenye mapengo na kuyajaribu mara tatu. Faili la ramani ndilo linalokumbuka wapi pamekwisha kusomwa, hivyo kazi ikikatika kwa umeme kuondoka au diski kuzima, amri ileile ikirudiwa huendelea pale ilipoishia. Ramani ikipotea, diski dhaifu italazimika kusomwa upya tangu mwanzo, na huenda isivumilie. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa.

Majaribio yote yanayofuata hufanyika kwenye nakala, au bora zaidi kwenye nakala ya nakala. Hapo `fsck` inaruhusiwa kukosea. Kama jedwali la sehemu limepotea, `testdisk` hulitafuta na mara nyingi hulirudisha. Yasipopatikana hata hivyo, `photorec`, ya mtungaji yuleyule, Christophe Grenier, huyachimba mafaili kwa kutambua maumbo yake ya mwanzo, bila kuutegemea mfumo wa mafaili. Hurudisha picha, hati na video zikiwa na majina ya namba tupu, bila makabrasha yake, na kuzipanga upya hubaki kuwa kazi ya mikono ya mwenyewe.